Macho Yaje Mwisho: Kuchagua Miti na Maua ya Nyumbani, Kibiti na Delta ya Rufiji

Nilipoombwa nije kuzungumzia maua, jirani yangu alinicheka. Hapa Kibiti, alisema, mtu akipata nguvu ya kuchimba shimo huchimba la mkorosho. Ua halitiwi guniani wala halipelekwi mnadani. Sikubishana naye. Nilimwonyesha tu nyumba yake mwenyewe: kaiezeka kwa bati jipya, kaipiga rangi, na mbele kapanda miashoka miwili, mmoja kila upande wa mlango, imesimama kama askari wa gwaride. "Na hii," nikamuuliza, "inauzwa mnada gani?"

Kwa hiyo swali la kama tupande mapambo tulishalijibu zamani, tunapanda. Kazi iko kwenye kuchagua, na hapo nina la kusema, kwa sababu nimechagua vibaya kuliko wengi wenu. Mwaka niliostaafu ualimu nilikwenda Dar es Salaam kufuatilia mafao, na wakati wa kurudi nikapita kwenye kitalu cha kando ya barabara. Nikaona mawaridi. Mekundu, ya njano, mengine meupe yenye wekundu ukingoni. Nikanunua miche 12, nikaipakata ndani ya basi hadi Kibiti kama mtoto mgonjwa. Muuzaji alinihakikishia: "Mzee, hii inastahimili." Sikumuuliza inastahimili nini. Minane ilikwenda na mchwa; mizizi ililiwa chini kwa chini, nikawa nauchomoa mche kwa vidole viwili bila hata kuinama vizuri. Miwili ilikwenda na mbuzi. Miwili iliyobaki ilikunywa ndoo ya maji kila jioni, katika miezi ambayo ndoo ilikuwa ya kununua, na ikatoa ua moja. Moja. Mke wangu akaliita ua la mafao, na jina hilo halijafutika nyumbani kwangu mpaka leo.

Kosa lilikuwa kwamba nilichagua kwa macho. Macho ndiyo yanayonunua, na muuza miche analijua hilo. Ndiyo maana huweka mbele ile iliyokwisha kuchanua. Ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba kwetu huku macho yaje mwisho. Tuanze na maji, tufuate kivuli, halafu pua. Rangi haijawahi kukosa njia ya kuingia.

Nasema maji kwanza kwa sababu wilaya hii ina ardhi tatu, na kila moja ina ugomvi wake na maji. Kuna mwinuko, yaani huku tulipo, Kibiti mjini, Bungu, mpaka Jaribu. Mchanga mtupu. Ukimwaga ndoo, hujageuka maji yameshakwenda. Kuna bonde, ambako mto hupanda na kushuka, na wazee wetu walijua kulima mlau mafuriko yanapopungua, udongo mweusi ukiwa bado na ubaridi. Na kuna Delta, kuanzia Nyamisati kwenda Mbwera, Salale na Kiongoroni, ambako maji yamekuzunguka pande zote na ya kunywa huyaoni. Mche mmoja hauwezi kupenda kote kutatu. Mwarobaini unaonawiri hapa mchangani, upeleke bondeni usimame ndani ya maji wiki mbili, utaona majani yanavyogeuka. Mpapai haufiki hata wiki. Siku mbili tatu za maji shinani zinautosha.

Aprili 2024, mafuriko yalipoingia Rufiji na Kibiti, maji yaliposhuka nilikwenda kuwapa pole shemeji zangu wa bondeni. Ukutani palikuwa na mstari wa tope uliofika kwenye kitasa cha mlango. Bustani ya maua, ambayo shemeji alikuwa ameizungushia chupa za soda zilizogeuzwa juu chini, ilikuwa gamba la udongo uliopasukapasuka, na chupa zenyewe hazikuonekana. Vilivyosimama ni vitatu: mwembe, mkungu mmoja, na kichaka cha mkindu ambacho hakuna aliyekumbuka kukipanda. Mkungu ulikuwa umeshaanza kutoa majani mapya, mabichi yanayong'aa, juu ya shina lililopakwa tope hadi kifuani mwa mtu.

Watu wa bondeni wanajua kusoma miti kuliko sisi. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha waliokuwa wakikaa kule chini, wengine kwenye madungu yao katikati ya mashamba, ikawapandisha kwenye vijiji vipya vya miinukoni. Ndiyo ile Operesheni Rufiji ambayo wazee mliomo humu mnaijua kwa miguu yenu, si kwa kusoma. Nyumba za miti na udongo hazikuchukua muda kurudi ardhini. Miembe ilibaki. Mpaka leo ukipita bondeni ukakuta miembe mitatu mikubwa imekaa pamoja pasipo paa wala ukuta, mwenyeji atakwambia pale ni mahame ya nani, na mlango ulikuwa umeelekea wapi. Sijawahi kusikia mtu akielekeza njia kwa kusema hapa palikuwa na waridi la fulani.

Sasa, mwenye nyumba bondeni au karibu na mto apande nini cha kupendeza? Nitataja miti miwili tu nikae nayo. Wa kwanza ni mtomondo. Wengi wenu mmepita chini yake bila kuuangalia. Mimi mwenyewe niliuona kwa makini siku moja alfajiri nikiwa ndani ya mtumbwi, tukisubiri maji yapande. Kutoka tawini zilikuwa zimening'inia shanga ndefu, urefu wa mkono, na kila punje iliyofunguka ilikuwa shada la nyuzi nyembamba nyeupe zinazoelekea uwaridi. Maua hayo hufunguka usiku. Kulipokucha yakaanza kudondoka, nyuzi zote kwa pamoja, tap, tap, juu ya maji, na mkondo ukayachukua mpaka upande wetu wa mto ukawa umetandikwa maua. Mpiga kasia aliyasukuma kando kwa ncha ya kasia kama anayeondoa takataka. Nikamuuliza kama mti huo hupandwa. Akasema, "Nani apande mtomondo, Mwalimu? Si uko hapo?" Jibu hilo ndilo adui mkubwa wa bustani zetu. Kilichopo hapo hatukipandi, tunapanda kinachotoka mbali. Na mtomondo huota kwa tunda lake: liokote, lizike nusu kwenye tope, liache. Hupenda miguu yake iwe majini, huvumilia maji yenye chumvi kidogo, na hukaa vizuri ukingoni mwa bwawa au mahali panapotuama maji ya mvua. Tunda likipondwa hulevya samaki, lakini hilo si somo la leo, na bwana samaki anaweza kuwa amekaa humu.

Wa pili ni mkindu. Akina mama wananitazama kana kwamba nawafundisha kupika wali. Lakini huko nje ya nchi watu huununua mti huu ndani ya chungu, wakauweka mbele ya hoteli. Ni mti wa jamii ya mtende, mwembamba, unaochipua mashina mengi kutoka shina moja, mengine yameinama, mengine yamesimama, na ukiupogoa makuti ya chini unabaki umbo ambalo hakuna fundi wa bustani angelibuni. Na ukindu wake mnaujua kazi: mikeka ya Rufiji haikupata jina kwa sababu nyingine. Panda kichaka kimoja pembeni mwa uwanja, mbali kidogo na njia, kwa sababu ya miiba iliyo kwenye mapindi ya makuti. Utakata ukindu bila kwenda porini, na mgeni akija atakupigia picha mbele yake.

Delta ni habari nyingine. Mara ya kwanza nilipokwenda kule kuzungumza na akina mama juu ya bustani, bado nilikuwa na ugonjwa wangu wa mawaridi. Nikayasifu. Bibi mmoja, mtu mzima sana, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: "Baba, hilo waridi litakunywa maji gani? Sisi wenyewe tunakunywa ya mvua." Watu hawakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, walikuwa wananionea huruma.

Baadaye alinichukua kunionyesha bustani yake. Ilikuwa ndani ya mtumbwi. Mtumbwi mkuukuu, umeoza mkiani, umeinuliwa juu ya magogo mawili ili maji ya bamvua yasiufikie, umejazwa udongo ulioletwa kwa mashua ndani ya viroba kutoka upande wa bara. Pale palipooza pamekuwa pa kutolea maji ya ziada. Mbele alikuwa na mrihani, katikati mchaichai, na tezini lile ua dogo la petali tano, jeupe au la waridi, ambalo hujiotea makaburini kote pwani. Mbuzi hawafiki, kuku hawaparui, chumvi ya chini haipandi. Nimesoma vitabu kadhaa vya bustani. Hakuna kilichonifundisha kama mtumbwi ule. Mwenye kuishi Delta, maua madogo yainue: mtumbwi, beseni lililotoboka, jaba lililokatwa. Ardhini panda miti inayoijua chumvi, nayo haikosekani. Mnazi, hilo halina haja ya kusemwa. Mvinje, ingawa chini yake hapaoti kitu. Mtakawa, ambao ua lake huchanua asubuhi likiwa njano na jicho jeusi jeusi moyoni, likazeeka jioni likiwa jekundu, hivyo siku moja mti unabeba rangi mbili. Na mtondoo. Mafundi wa vyombo wanaujua kwa mbao zake. Mimi nausifia majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, kivuli chake kizito, na maua meupe yenye harufu. Ukiniuliza mti mmoja wa kupanda mbele ya shule ya kisiwani, nitakujibu mtondoo hata usiku wa manane.

Msije mkatoka hapa mkasema Mwalimu katutuma kukata mikoko tupambe nyumba. Misitu ile imehifadhiwa tangu 1898, enzi za Wajerumani, na mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kukata kuna kibali chake. Pambo la mikoko lililopata sifa kuliko yote, kama tunataka kujua, lilifanywa na mabaharia wa Königsberg, ile manowari ya Kijerumani iliyojificha humo tangu 1914. Walifunika milingoti yake kwa matawi. Halikuwasaidia, Julai 1915 meli iliishia topeni. Kuyatazama maua ya mkoko aina ya mchu yakiwa yamejaa nyuki hakuhitaji kibali, na mwenye nyumba inayoelekea mkokoni ana bustani tayari. Asifyeke tu ili aone maji.

Sasa turudi huku juu kwenye mchanga, kwenye suala la kivuli, na kwa miashoka ya jirani yangu.

Ashoka ni mti wa India na Sri Lanka. Umependwa mijini kwa sababu unakwenda juu bila kutanuka, kwa hiyo unafaa mtu mwenye kiwanja cha hatua sita. Kibiti bado tuna nafasi. Na katika Kibiti, saa saba mchana, mti usiotoa kivuli ni nguzo ya umeme yenye majani. Angalieni watu wamekaa wapi saa hizo. Chini ya mwembe, chini ya mkungu, chini ya mwarobaini. Sijaona baraza la wazee chini ya mwashoka. Mkungu una ziada yake: matawi yake hutoka kwa ngazi, tabaka juu ya tabaka, na kabla ya kupukutika majani hugeuka mekundu, hivyo mtu wa pwani naye anapata kuona kile wanachokisifia watu wa nchi za baridi. Gharama yake ni ufagio. Majani yale ni mapana na hayachoki kuanguka, na popo wakija kula kungu usiku hawali kwa adabu.

Mkrismasi nao una wapenzi wengi, na mimi ni mmoja wao. Asili yake ni Madagaska. Katika miaka ya 1820 mtaalamu wa mimea Wenceslas Bojer aliukuta huko, na kutoka hapo ukaenea nchi zote za joto. Mwezi Novemba na Desemba ukichanua, barabara nzima inawaka. Lakini mizizi yake hutambaa juu juu na ina nguvu. Nimeona umenyanyua sakafu ya baraza, nimeona umeingia kwenye shimo la maji machafu na kulipasua. Matawi yake ni mepesi kuvunjika. Basi upande, ila upime hatua kumi na tano kutoka ukutani, na usiuweke juu ya paa la jirani ukadhani upepo unajua mipaka ya viwanja.

Kuna mti mmoja wa nyumbani ambao ningependa tuufikirie kabla ya hiyo ya mbali. Ni mkundekunde wa porini, ule ambao waganga huchimba mizizi yake kwa dawa ya tumbo. Mwisho wa kiangazi, mvua za vuli hazijaja na kila kitu kimekuwa rangi ya vumbi, unasimama bila jani hata moja umejaa maua ya njano. Baadaye hutundika maganda marefu kama fimbo. Haudai maji, mchanga ndio kwao, na haukui ukakushinda. Porini unapungua kwa sababu kila mwenye tumbo anauendea mizizi. Ukiwa uani kwako, angalau utajua nani anachimba.

Na kuna mkongo. Sisi watu wa Rufiji tunaujua mkongo ukiwa tayari ni mlango au kitanda. Ukiwa hai ni mti mwingine kabisa: majani machanga yana rangi ya shaba, ua lake lina petali moja tu kubwa nyekundu kana kwamba zilizobaki zilisahauliwa, na ganda lake gumu likipasuka ndani mna mbegu nyeusi zilizopangwa mstari, kila moja imevaa kofia nyekundu. Hukua polepole. Mtu aliyestaafu akiupanda anawapandia wajukuu. Nitaurudia.

Tumefika kwenye pua, na hapa naomba mniruhusu nikae kidogo.

Bibi zetu hawakuwa na bustani kama tunavyoielewa leo. Walikuwa na pembe ya uani, jirani na mahali pa kuogea, ambako maji ya kuoga hutiririkia. Pale palikuwa na mwasumini umeegemezwa kwenye uzio, mrihani chini, na kwa mwenye bahati, mkilua. Hakuna aliyemwagilia, watu waliooga ndio waliomwagilia. Hebu fikirieni akili hiyo. Sisi tumejenga bafu la ndani, maji tumeyapeleka shimoni, kisha tunanunua ndoo kwa ajili ya maua. Bomba moja la plastiki kutoka bafuni hadi mwasumini lingeokoa ndoo zote nilizomwagia ua langu la mafao.

Mkilua ni kichaka cha misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Ua lake, kilua, ni dogo, la njano iliyofifia, petali zake nene, nalo huning'inia chini ya majani kana kwamba linaona haya. Anayelitafuta kwa macho hulipita. Jioni ikiingia harufu inatoka, tamu, nzito, na unamjua mwenye mkilua hata kama humwoni. Wanawake walilificha nyweleni, walilitia kwenye nguo zilizokunjwa. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt, aliyefanya kazi miaka mingi Nairobi kabla ya kwenda Kew huko Uingereza, aliona mmea huu hauingii vizuri katika jenasi yoyote iliyokwisha kupewa jina. Akauanzishia jenasi yake peke yake na kuiita Mkilua. Kwa hiyo jina lake la kisayansi, duniani kote, ni Mkilua fragrans: neno la bibi zetu mbele, Kilatini nyuma likisema kwamba unanukia. Na sisi tunaupitia njiani kwenda kununua chupa ya marashi.

Ukiupata, usiupande juani. Umezoea kukaa chini ya miti mikubwa. Uweke chini ya mwembe, upande wa asubuhi, na uuwekee matandazo ya majani makavu. Haukui haraka. Usiende kuung'oa msituni, maana misitu yenyewe imebaki vipande. Omba mbegu au mche kwa mwenye nao.

Asumini haina masharti mengi: jua, maji ya bafuni, na kupogolewa bila huruma baada ya kuchanua. Mlangilangi ulitoka Asia ya Kusini Mashariki lakini umekaa pwani hii mpaka umekuwa mwenyeji, na mti mmoja unatosha mtaa. Hapo kuna ufundi ambao watu husahau. Harufu husafiri na upepo. Kusi inavuma katikati ya mwaka, kaskazi inakuja mwishoni hadi Machi. Basi tazama dirisha la chumba unacholala, tazama upepo wa miezi unayolala madirisha wazi unatoka wapi, na panda upande huo. Nimeona mlangilangi uliopandwa nyuma ya nyumba kwa namna ambayo harufu yote ilikwenda kwa jirani. Jirani hakulalamika.

Kuhusu uzio wa mimea, lugha yetu ina mchezo wake. Kuna ua la kunusa na kuna ua wa kuzungushia nyumba. Mhina ni vyote viwili. Ukiupanda kwa mstari, mche kwa mche, hatua moja baina, na kuukata mara kwa mara, unafunga vizuri. Ukiuacha kidogo unatoa mashada ya maua madogo ya rangi ya maziwa yenye harufu ambayo wengi hawajui kwamba ni ya hina. Na arusi ikija, majani yapo. Unaota kwa vipandikizi, unavumilia kiangazi na mchanga. Kwa maoni yangu hakuna ua wa nyumba huku kwetu unaoushinda, na hakika mnyaa hauushindi. Mnyaa unafunga kweli, mbuzi haupiti, lakini utomvu wake ukimwingia mtoto jichoni ni hospitali usiku huohuo. Penye watoto usiuweke. Na oleanda vilevile, ingawa maua yake ni mazuri: sumu iko kwenye jani, kwenye tawi, hata kwenye kijiti ambacho mtoto anaweza kukitumia kuchokonolea meno.

Basi, macho. Nayo yana haki yake.

Bogenvilia ilitoka Amerika ya Kusini na imebeba jina la baharia Mfaransa, Bougainville. Kile tunachokiita ua lake ni majani yaliyotiwa rangi. Ua lenyewe ni kile kijibomba cheupe kilicho katikati. Watu huja kwangu wakilalamika kwamba yao imekuwa majani ya kijani matupu. Nawauliza wanaimwagilia mara ngapi. Kila siku, wanasema, na wanajivunia. Iacheni ione njaa! Bogenvilia ikishiba haichanui. Mchanga wetu na kiangazi chetu ndivyo inavyovitaka. Lile ua la makaburini nililoliona kwenye mtumbwi wa bibi nalo ni la Madagaska, na hospitalini limezaa dawa za saratani ya damu, vinkristini ikiwemo. Si la kutafunwa nyumbani, ni la kutazamwa. Linajipanda lenyewe na halijui neno kufa. Ule mti wa makaburini wenye maua meupe yenye moyo wa njano, unaotoa utomvu mweupe ukivunja tawi, kateni tawi, liacheni kivulini siku kadhaa jeraha likauke, ndipo mlichomeke mchangani. Mkilichomeka bichi litaoza.

Nimesikia mtu akisema maua ya kweli ni ya Ulaya. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani Tanga, aliokota ua dogo la zambarau kwenye miamba yenye kivuli na kumpelekea baba yake mbegu Ujerumani. Mwaka uliofuata likapewa jina Saintpaulia. Leo liko kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani kwa mamilioni, na wauzaji wa kule wanalisifia kwamba linastahimili. Msilichukue nanyi, kwa kuwa linataka ubaridi wa Usambara na kwa joto la Kibiti mtalizika. Lakini mjue safari ya maua ni ya kwenda na kurudi. Kule kule Usambara, Amani, ulipandwa mti wa mhesi kutoka magharibi, ukaonekana mzuri, unakua haraka, na sasa umeingia msituni na kuisukuma miti ya asili. Muuzaji akikusifia kwamba mti unaota popote bila kutunzwa, hapo ndipo pa kuuliza maswali zaidi.

Muda wangu unakwisha na mwenyekiti ameshatazama saa mara mbili. Nilisema nitaurudia mkongo. Kwenye meza ile, ndani ya kikapu cha ukindu, kuna mbegu zake nilizookota mwenyewe. Kila mmoja akitoka achukue tatu. Ng'oeni ile kofia nyekundu, maana panya huipenda. Lowekeni mbegu usiku mmoja. Kila mbegu ikae kwenye kiriba chake, kirefu, kwa sababu mzizi wake hushuka haraka na hauchukui kukunjwa. Masika ikianza Machi, mche uwe tayari kuingia ardhini. Zungusheni miiba kwa ajili ya mbuzi, na majivu kwa ajili ya wale mchwa waliokula mawaridi yangu. Mtoto asipewe zile kofia kuchezea bila mtu mzima, na tafadhali wa mbele msichukue nne. Nilizihesabu kwa viti, na waliosimama mlangoni kwa kukosa viti sikuwahesabu.